Athens, London au Paris: nimpeleke mama wapi akaone sanaa ya Wagiriki wa kale?

Binti_Muheza (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na uwe wa haraka kidogo maana kila nikifungua simu bei ya ndege imepanda.

Mama yangu anakuja kunitembelea. Amefundisha historia sekondari miaka 32, amestaafu mwaka juzi. Darasani kwake kulikuwa na picha ya Parthenon, lile hekalu la kale juu ya kilima cha Acropolis, Athens, iliyokatwa kwenye kalenda, kaibandika pembeni mwa ubao kwa gundi ya unga. Kila kidato kipya kilianza na swali moja: "Hili jengo liko wapi, na alilijenga nani?" Yeye mwenyewe hajawahi kulitia machoni. Nimeweka nadhiri kwamba safari hii lazima aone kazi za Wagiriki wa kale ana kwa ana.

Nina siku nne na kama euro 1,200 za sisi wawili, humo humo nauli, malazi na viingilio. Nimebaki na Athens, au London kwenye British Museum kwa sababu kiingilio ni bure, au Paris kwenye Louvre. Mliokwenda, ipi itamfaa?

Nesi_Hamburg

Dada, umeandika vizuri lakini yale tunayoyahitaji ili tukushauri hujayataja. Unaishi nchi gani? Mama anakuja na viza gani, ya kuingia mara moja au mara nyingi? Mwezi gani? Ana umri gani, na miguu yake ikoje? Jibu hayo kwanza.

Mzaramo_Ughaibuni

Athens. Mwalimu aliyewauliza watoto miaka 32 "hili jengo liko wapi" unampelekaje mahali ambapo jengo halipo? London na Paris ataona vipande. Athens anasimama ndani ya Makumbusho ya Acropolis, anainua macho, na Parthenon yenyewe ile pale juu ya kilima. Ghorofa ya juu imezungushwa kidogo ili ilale sambamba na hekalu, na kuta zake ni vioo. Bernard Tschumi aliyelichora jengo alikusudia hivyo. Limefunguliwa 2009, lifti zipo, viti vipo.

MwanaLamu

Mimi natofautiana na Mzaramo. Nimeishi London miaka 11 na Ukumbi wa 18 wa British Museum naujua kama baraza ya kwetu. Mle kuna karibu mita 75 za ule ukanda wa mawe wenye michongo ya maandamano uliozunguka Parthenon, na ukanda mzima ulikuwa mita 160. Kuna sanamu 17 zilizokuwa juu kwenye pembetatu za paa. Nenda kasimame mbele ya kichwa cha farasi wa Selene, mungu wa kike wa mwezi. Farasi kavuta gari usiku kucha, sasa kunakucha, kachoka. Pua zimetanuka, mishipa imesimama shavuni, taya limening'inia nje ya ukingo wa jiwe. Kwa wiki moja nilikwenda mara tatu kumwangalia yeye tu.

Halafu ni bure. Mama akichoka mnatoka, mnakunywa chai, mnarudi. Wapi pengine utapata hivyo?

Binti_Muheza

Samahanini, nilisahau. Naishi Leipzig, Ujerumani. Mama ana miaka 62. Viza yake ni ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja), siku 30, ya kuingia mara moja. Anafika tarehe 6 Agosti. Goti la kulia linamsumbua, kwenye tambarare anatembea vizuri ila ngazi nyingi zinamchosha, na kushuka ndiko kubaya zaidi.

Nesi_Hamburg

Basi London ifute leo hii. Uingereza inataka viza yake peke yake. Na hata akiipata, akishatoka eneo la Schengen ile ya kuingia mara moja imekwisha, hataweza kurudi kwako Leipzig. Mizigo yake itabaki huku, yeye kule. Nimeona familia moja ikilia uwanja wa ndege kwa jambo hilihili. Ugiriki na Ufaransa zimo ndani ya Schengen, huko anaweza kwenda na kurudi. Atembee na pasipoti yake tu, nakala haitoshi.

Agosti na goti bovu ndiyo mambo ya kufikiria sasa.

Bi_Mwanakheri

Mwanangu, mimi ni wa Mombasa, nina umri wa mamako, na Athens nimefika. Usisikize wanaokwambia mlima kwanza. Mpeleke mamako Makumbusho ya Acropolis, ghorofa ya kwanza, kwa wale wanawake waliochongwa wakawa nguzo za kubebea paa. Walikuwa sita, watano wako hapo, wa sita yuko London, na wamemwachia nafasi yake wazi. Uzuri wa pale unaweza kuwazunguka mpaka nyuma. Nenda nyuma! Utaona misuko. Nywele zao zimesukwa mikia minene, imeshuka mgongoni, na waliochonga hawakufanya urembo mtupu, maana shingo nyembamba ya jiwe haiwezi kubeba paa la mawe. Zile nywele ndizo zilizoitia shingo nguvu. Nilikaa pale nikawakumbuka dada zangu wakisukana uani saa za alasiri.

Na siku ya pili nenda naye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Humo kuna jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Hegeso, la mwishoni mwa karne ya 5 KK. Ameketi kitini, kijakazi wake amemshikia kisanduku cha mapambo. Hegeso ametoa kitu, amekiinua kwa vidole, anakitazama. Ukisogea karibu, vidole vimeshika hewa. Pambo lenyewe halikuchongwa, lilipakwa rangi tu, na rangi imekwenda na miaka. Amebaki anatazama pambo ambalo sisi hatulioni. Mie nilitoka machozi, na sioni haya kusema.

FundiSaa_Kariakoo

Nakazia Makumbusho ya Taifa, ila kwa sababu yangu. Mimi ni fundi saa, baba yangu alikuwa fundi saa. Mle kuna mashine ya Antikythera. Wazamiaji wa sponji walikuta meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera mwaka 1900, na kati ya sanamu na mitungi wakatoa bonge la shaba lililooza. Baadaye ndipo watu walipogundua kuwa ndani mna meno ya gurudumu. Gia 30 zimesalia. Ukizungusha mkono wa pembeni, mashine inakuonyesha mwendo wa jua na mwezi na siku za kupatwa. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita!

Kipande kikubwa kabisa kina gurudumu moja lenye mikono minne, kama usukani, la kijani kwa kutu. Nimefungua saa za kila aina, na pale nilihesabu meno ya gia kwa kidole hewani mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Mama yako ni mwalimu, atakielewa kile kitu kuliko watalii wanaokipita mbio kwenda kwenye dhahabu.

Baba_Neema

Dada, ngoja nikusimulie yaliyonikuta ili yasikukute.

Juni 2024 mimi na mke wangu tulikwenda Athens siku tatu. Tuliweka akiba miaka miwili. Jumanne tarehe 11 tukaanza na hayo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Patission. Tumeshuka treni Omonia, tukatembea, jua la saa tatu asubuhi linachoma kama la saa saba Dodoma. Kufika, mlango umefungwa. Jumanne hufungua saa saba mchana. Tovuti yao ilisema, mimi sikuangalia. Tukakaa bustanini mbele ya jengo mpaka maji tuliyobeba yakaisha. Walipofungua mke wangu alikuwa hana nguvu tena, tukaona vyumba vitatu tukarudi kulala.

Jumatano ndiyo iliyoniuma. Tiketi za kilima cha Acropolis sikununua kwenye tovuti ya serikali. Niliangukia kwa wakala mmoja wa mtandaoni, ukurasa wake una picha ya nguzo na bendera ya Ugiriki, nikaamini ndiyo wenyewe. Bei ilikuwa karibu mara mbili. Iliandikwa "Acropolis kamili", nami nikaelewa kilima pamoja na makumbusho. Tiketi za kilima siku hizi zina saa ya kuingia, na wakala alitupa saa sita mchana.

Siku hiyo serikali ilitangaza hatari ya joto na kilima kikafungwa kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja jioni. Tulifika langoni saa sita kasoro dakika tano. Watu wamejazana, wazee wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, Msalaba Mwekundu wanagawa chupa za maji. Nikampigia wakala, simu inaita haipokelewi. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu ni muhimu kwao. Nikasema basi twende makumbusho ya chini, kuna kiyoyozi. Dada wa dirishani akaitazama tiketi yangu kwenye simu, kwa upole akanieleza kuwa hiyo ni ya kilima, makumbusho yana tiketi yake. Nikalipa tena. Mke wangu hakusema neno, na ule ukimya wake uliniuma kuliko hasara.

Kilima kilipofunguliwa jioni kichwa kilikuwa kinamgonga, nikaona nisimtese. Alhamisi tukapanda ndege. Kwa hiyo nimefika Athens, nimelipa, na Parthenon sijaikanyaga, nimeiona kupitia kioo. Pesa haikurudi mpaka leo.

Sasa wewe: nunua kwenye tovuti rasmi ya serikali tu, chukua saa ya kwanza kabisa, saa mbili asubuhi, na ujue ile tiketi ya pamoja ya maeneo yote iliyosifiwa kwenye makala za zamani imeshaondolewa. Kilima sasa ni euro 30 kwa mtu.

Binti_Muheza

Baba Neema pole sana, na asante, kuna tovuti moja yenye nguzo na bendera nilikuwa nimeshajaza hadi namba ya kadi. Nimefunga.

Shikamoo Bi Mwanakheri. Ile ya Hegeso nimemsomea mama kwa simu. Akanyamaza, akasema, "Na kijakazi je, jina lake limeandikwa?"

Bi_Mwanakheri

Marahaba mwanangu. Mwambie halikuandikwa. Juu ya jiwe pana jina la Hegeso na la baba yake basi. Mamako ni mwalimu kweli.

Nesi_Hamburg

Kwa goti: kwenye kilima kuna lifti upande wa kaskazini, wameweka mpya mwishoni mwa 2020, kwa wenye shida ya kutembea. Juu kuna njia za zege sasa, lakini penye mawe ya zamani panateleza kama sabuni, yamelainishwa na miguu ya watu. Viatu vya mpira, na wewe umshike upande wa goti bovu wakati wa kushuka. Aje na cheti cha daktari, kitasaidia kwenye lifti na hata nikiwa mbali nitakuwa na amani.

Mchagga_Munich

Mnampeleka mama wa watu kwenye joto la Agosti wakati cha kumridhisha kiko mwendo wa saa tatu na nusu tu kwa treni! Njooni München, Glyptothek, jengo la 1830 lililojengwa kwa ajili ya sanamu tu. Humo kuna wapiganaji wa hekalu la Aphaia, kisiwa cha Aegina, waliokuwa kwenye pembetatu mbili za paa. Ludwig wa Bavaria aliwanunua kabla hajawa mfalme. Yupo askari mmoja anayekufa, ameegemea ngao yake, mkono unateleza. Ukumbi mtulivu, mwanga wa dirisha, hakuna msongamano, hakuna ngazi za kutisha. Jumapili kiingilio euro 1.

Na hapo ndipo 2003 walipoanza kuonyesha nakala za sanamu zikiwa na rangi zake. Watu wanadhani Wagiriki walipenda weupe. Hapana. Yule mpiga upinde wa Aegina alivaa suruali ya kubana yenye michoro ya rangi kali kama kitenge cha sikukuu. Kila Jumapili ya mvua mimi niko mle.

Mzaramo_Ughaibuni

Mchagga, sanamu za München ni nzuri, lakini nazo ziko ugenini. Hilo ndilo linalonikera. Ugiriki imezaa, wengine wanalea bila kuulizwa. Lord Elgin alikuwa balozi wa Uingereza kwa Waturuki, wakati Athens iko chini yao. Watu wake wakaanza kung'oa mawe ya Parthenon 1801, na 1816 Bunge la Uingereza likayanunua kwake kwa pauni 35,000. Wagiriki wenyewe hawakuwa na serikali ya kuulizwa. Panda ghorofa ile ya juu Athens uone, mawe halisi yana rangi ya asali na nakala za plasta za yale yaliyoko London ni nyeupe pe. Unatembea asali, nyeupe, nyeupe, asali. Mwili wa mtu uko Athens, kichwa chake London.

MwanaLamu

Mzaramo, sikatai maumivu, lakini sema yote. 1687 jeshi la Venisi lilipiga mzinga Parthenon, Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani, hekalu likalipuka katikati. Mawe yaliyobaki pale yakaliwa na moshi wa magari karne ya 20. Ya London yalikuwa ndani ya nyumba. Na kuna sheria ya 1963 inayowafunga mikono British Museum wasitoe vitu hata wakitaka.

Mzaramo_Ughaibuni

Ya London yalikuwa ndani ya nyumba, na humo humo ndani miaka ya 1930 yakakwanguliwa kwa vyuma ili yawe meupe. Na sheria imetungwa na watu, watu wanaweza kuibadilisha. Vatikani ilirudisha vipande vyake vitatu mwaka 2023 na dunia haikupinduka.

Mwl_Lindi

Naomba niingie, maana mnazungumza kana kwamba haya ni ya Wagiriki peke yao. Mimi ni wa Lindi. Mifupa ya mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, ilichimbwa 1909 hadi 1913, tani zaidi ya 200, ikabebwa vichwani na mabegani na babu zetu hadi bandari ya Lindi. Leo imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Binti wa Muheza, Leipzig hadi Berlin ni saa moja na robo kwa treni. Kama mama ni mwalimu wa historia wa Tanzania, hilo asilikose, hata kama Athens itakwenda. Na asikuahidi mtu madhabahu ya Pergamon, ile ya Wagiriki wa kale iliyoko Berlin, kwa sasa, makumbusho yale yamefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati.

MwanaLamu

Hapo Mwalimu umenigusa, kwa sababu na sisi tuna letu. Ngoma ya ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iko ghala la British Museum tangu enzi za mkoloni. Si ukumbini, ghalani. Wazee wa Kipokomo wameiomba. Kwa hiyo Mzaramo, usinione natetea kila kitu. Napenda kile kichwa cha farasi. Ni mambo mawili.

Mzaramo_Ughaibuni

Nimekuelewa ndugu yangu.

Mtafsiri_Bukavu

Swali dogo nje ya mada: kwa nini humu kila mtu anasema Wagiriki? Kwenye Biblia yetu ni Wayunani. Nikiwa mdogo nilidhani ni makabila mawili.

Bi_Mwanakheri

Ni walewale. Yunani imetujia kwa Kiarabu, na Waarabu waliwaita hivyo kwa jina la Ionia, ile pwani ya Asia walikokaa. Ugiriki limekuja kwa njia ya Wazungu. Babangu mpaka anakufa alisema Yunani, na dawa za kienyeji za kitabuni akiziita tiba ya Kiyunani. Mie napenda Yunani, lina mlio wa bahari.

Mtafsiri_Bukavu

Asante mama. Basi mama wa Muheza akifika Athens apite na Areopago, mwamba uleule wa Matendo 17, Paulo alikosimama akawaambia Waathene habari za madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Uko chini kidogo ya Acropolis, hakuna kiingilio.

Nesi_Hamburg

Autazame kutoka chini. Kule juu panateleza. Goti, jamani.

MwanaLamu

Kwa kuwa Bi Mwanakheri ametaja bahari, nitasema jambo ambalo mwalimu wetu labda analijua. Andiko la zamani kabisa lenye maelezo ya kina juu ya pwani yetu limeandikwa kwa Kiyunani. Ni mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, karne ya 1 BK, wa mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake limepotea. Pwani yetu anaiita Azania, na soko la mwisho analiita Rhapta, kwa ajili ya mashua za kushonwa, na neno lenyewe kwa Kiyunani lina maana ya kushona. Sisi Lamu mitepe tuliishona kwa kamba za nazi hadi enzi za babu zangu! Anataja pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Anasema walikuja na mikuki, mashoka, vioo, na divai na ngano kidogo ambavyo havikuwa vya kuuza bali vya kujenga urafiki na wenyeji.

Nakala yake, ya karne ya 10, iko Ujerumani, chuo kikuu cha Heidelberg. Wameipiga picha na kuiweka mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa. Hata mkikosa Athens, mfungulie mama kwenye kompyuta. Wino wa Kiyunani unaotuongelea sisi.

Binti_Muheza

MwanaLamu, umeniharibia usingizi kwa wema. Nimempigia mama saa nne usiku kwake. Rhapta anaijua, alikuwa anaifundisha, lakini hakujua kama karatasi yenyewe ipo na inaonekana. Sasa anataka Heidelberg. Kisha akasema Rhapta ilikuwa Pangani, mdomo wa mto pale, hapana mjadala, na niwaambie.

Mpaka sasa kichwani kwangu: Athens siku nne katikati ya Agosti, siku ya kwanza Makumbusho ya Acropolis, ya pili kilima saa mbili asubuhi kama goti litakubali, ya tatu Makumbusho ya Taifa. Lakini maneno ya Mchagga kuhusu joto yananirudia. Naweza pia kufanya München na Berlin kwa treni, nibaki na akiba, Athens iwe mwakani mwezi Aprili. Ila mwakani viza nani anaijua?

Mwl_Lindi

Mheshimu mama, lakini Rhapta ni Rufiji. Delta ile, mashua zile, ukaribu na Mafia. Ile Menouthias anayoitaja mwandishi kabla ya kufika Rhapta ni Mafia.

Bi_Mwanakheri

Menouthias si Mafia, ni Pemba. Soma maelezo: kisiwa tambarare chenye miti, mito, na kasa wa kuvuliwa kwa matenga.

MwanaLamu

Unguja nayo ina wake wanaoitetea. Kwa matenga yale wavuvi wetu bado wanavua, wanayaita madema. Mwalimu wa Muheza aje humu mwenyewe atetee Pangani yake.

FundiSaa_Kariakoo

Nami nasubiri Pangani. Ila mleta mada, Athens usiende Jumanne asubuhi Makumbusho ya Taifa, umesikia ya Baba Neema.

Mchagga_Munich

Aprili ni sawa kabisa. Agosti njooni kwangu, kitanda cha wageni kipo, na mke wangu atapika mtori.

Nesi_Hamburg

Binti_Muheza, umekata tiketi au bado? Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa Ugiriki, ya Bikira Maria, watu wanahama mji na mabasi yanapungua. Angalia siku zako zisiangukie hapo, na ukikata utuambie.